Vitunguu vya majani pwani ya Lindi: ununue fungu au upande kiroba?

Nyumba nyingi za Kilwa na Lindi hazinunui vitunguu vya majani kwa mpango. Supu ya pweza imeshaiva, kachumbari inasubiri kukatwa, ndipo mtoto anatumwa gengeni na sarafu ya shilingi 500. Matumizi ya namna hiyo hayaingii kwenye daftari la nyumba, na kwa kuwa hayaingii, hakuna anayeyahoji. Hebu tuyahoji. Nyumba inayomaliza mafungu mawili kwa wiki, fungu likiwa 500, inatoa shilingi 52,000 kwa mwaka. Hiyo 500 naitumia kama rula ya kupimia tu. Kwenye genge la mtaani kwenu likiwa 300 au 1,000, badilisha namba, hesabu itakwenda vilevile.

Niseme mapema ninapoegemea. Kupanda nyumbani kunalipa, lakini kwa vyombo viwili au vitatu vilivyo karibu na jiko. Kitanda kizima cha bustani ni habari nyingine kabisa, na maji ya chumvi yanaharibu mpango wote, uwe mdogo au mkubwa. Katika ukanda huu maji ndiyo yanayoamua faida na hasara. Mbegu, ambayo watu huanza nayo kuiulizia dukani, ni jambo dogo.

Kwa kupanda, zipo njia nne, na bei zake zimepishana sana.

Iliyo nafuu kuliko zote ni mashina ya fungu lenyewe unalonunua. Gengeni sema tu, "Mama, naomba yale yenye mizizi." Ukifika nyumbani kata majani kwa ajili ya sufuria, ubakize ile sehemu nyeupe kiasi cha vidole vitatu kutoka mizizini, kisha uchomeke udongoni jioni ileile jua likishapoa. Baada ya wiki mbili hivi majani mapya yanatosha kukatwa. Kwa kuwa majani ya kwanza umeshayala, mche wako umeupata bure. Kuna kasoro moja: wauzaji wengi hukata mizizi ili fungu lionekane safi, na mizizi iliyoachwa ikianikwa juani tangu asubuhi hukauka. Nunua mapema, fungu likiwa bado na unyevu, na uangalie kama kile kitako cha chini kinachoshika mizizi kipo kizima. Kikiwa kimekatwa, shina halioti tena.

Njia inayofuata ni vile vitunguu maji vilivyochipua kwenye kapu. Joto na unyevu wa jiko la pwani huvichipusha upesi, hasa wakati wa masika, na mara nyingi vinatupwa. Kimoja kikifukiwa nusu, shingo ikiwa nje, hutoa majani manene ndani ya wiki moja au mbili. Ladha yake ni kali kidogo, nzuri kwa mayai na kwa mchuzi wa samaki. Utakata mara tatu au nne, kisha kitachoka au kitatoa ua, na hapo kazi yake imekwisha. Kwa anayetaka kujaribu bila kutoa hata shilingi, huu ndio mlango wa kuingilia.

Mbegu ya dukani ni njia ya tatu, na hapa mnunuzi anahitaji macho. Aina inayojulikana zaidi kwa majani ni White Lisbon. Gramu moja ya mbegu za kitunguu ina punje kati ya 250 na 300, kwa hiyo pakiti ya gramu 25 ina punje zaidi ya 6,000. Kiroba kimoja kinataka mashina 25. Hata nusu ya mbegu zikifa, umenunua miche ya kujaza mtaa. Zilizobaki nazo haziwekeki: mbegu ya kitunguu huzeeka upesi kuliko mbegu nyingi za mboga, na hewa ya bahari yenye joto na unyevu huiharakisha zaidi. Ile pakiti uliyoifungua mwaka huu, mwakani itaota kwa kusuasua. Kwa hiyo, ukiingia duka la pembejeo, soma tarehe kabla ya kusoma bei, tafuta nembo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na ukwepe mbegu za kupimiwa kutoka kwenye kopo lililofunguliwa na kukaa rafuni dirishani. Pakiti ndogo kabisa ndiyo ya kuchukua, na kama ndogo haipo, changieni nyumba nne au tano. Tena kuna muda wa kusubiri: kutoka mbegu hadi fungu la kwanza ni siku 60 hadi 80, na siku zote hizo unamwagilia huku unaendelea kununua gengeni.

Hapo dukani jihadhari pia usipewe Red Bombay kwa kuwa ndiyo iliyopo. Ni mbegu nzuri, ila kazi yake ni kufanya kitunguu cha chini. Kilwa iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta na Lindi nyuzi 10, mahali ambapo mchana hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, na Red Bombay inatosheka na mchana wa urefu huo kuanza kujaza kitako. Ikishaanza, majani yanalala na kukauka. White Lisbon haina haraka hiyo. Ukiipata Red Bombay kwa bei ya kutupa, ipande kwa msongamano na uivune ikiwa changa, basi. Usiitegemee kwa mikato ya kila mwezi.

Ya mwisho ni chaivizi, yale majani membamba kama sindano yanayotajwa kwenye mapishi ya Ulaya na kutafutwa na jikoni za baadhi ya hoteli. Sishauri mtu wa Masoko, Kivinje au Lindi mjini kuitolea fedha. Ni mmea wa nchi za baridi, uliozoea kulala majira ya baridi na kuamka upya. Kwenye joto la usawa wa bahari huota kwa shida na kubaki mnyonge. Mtu wa Lushoto au Njombe ana sababu ya kuijaribu. Pwani, anayependa ladha hiyo atafute ndugu yake wa Kichina, mwenye majani bapa na harufu ya kitunguu saumu. Huyo anavumilia joto, anaishi miaka, na kila kichaka kinagawanywa kuwa vichaka vingine. Ukipewa kichaka kimoja na mtu, usikikatae.

Sasa maji, ambapo fedha inapotelea.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi na haina matawi mengi. Inanyonya kutoka juu juu tu, kwa hiyo kukosa maji siku mbili za kiangazi kunaonekana kwenye ncha za majani. La pili ni chumvi. Kitunguu kimo kwenye kundi la mazao yanayoumia haraka na chumvi, pamoja na maharage na karoti, wakati spinachi inastahimili chumvi nyingi zaidi. Visima vya karibu na bahari, vile vya Kilwa Kisiwani na vya mitaa mingi ya ufukweni, vina maji baridi yaliyokaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Mvua ikikoma na watu wakiendelea kuteka, chumvi inapanda. Kisima kilicho kitamu mwezi wa nne kinaweza kuwa cha chumvi mwezi wa kumi, na anayemwagilia kwa mazoea huona ncha za majani zimeungua na ukoko mweupe juu ya udongo, akadhani ni ugonjwa, akaenda kununua dawa. Dawa hiyo ni fedha iliyotupwa. Kipimo cha bure ni ulimi: ukionja ukasikia chumvi, kitunguu kimeshazidiwa. Usiposikia chumvi bado tazama ule ukoko, kwa sababu kitunguu huumia kabla ulimi haujagundua.

Kiasi kinachohitajika kinapimika. Kiangazi cha pwani, kwa jua na upepo wake, huchukua karibu lita 4 hadi 5 kwa siku kutoka kwenye mita moja ya mraba ya mboga. Kiroba cha salfeti kilichokunjwa mdomo, chenye upana wa sentimita 40, kina eneo la moja ya nane ya mita hiyo. Ukihesabu na yanayochuruzika, lita moja kwa siku inakitosha. Viroba vitatu ni lita 3 kwa siku, yaani ndoo nne na nusu za lita 20 kwa mwezi. Kitanda cha mita moja kwa tatu kwenye udongo wetu wa kichanga kinataka ndoo nzima kila siku, ndoo 30 kwa mwezi.

Tuweke tena rula: ndoo moja kutoka kwa muuza maji iwe shilingi 200. Viroba vitatu vyenye mashina 75, vikikatwa kila baada ya wiki tatu hadi nne, kwa makadirio ya kawaida vitatoa mafungu sita kwa mwezi, thamani yake 3,000. Maji yamekula 900. Umebakiwa na 2,100. Kama viroba chakavu na samadi vilikugharimu 5,000 kuanzia, fedha imerudi kabla mwezi wa tatu haujaisha, na kila mwaka baada ya hapo unaokoa takribani shilingi 25,000. Hakuna utajiri hapo, lakini ni nusu ya ile 52,000 tuliyoanza nayo, na majani unayakata yakiwa mabichi dakika unayoyahitaji.

Kitanda chenye mashina 300 kitatoa mafungu 24 kwa mwezi, thamani 12,000. Maji yamekula 6,000. Kwenye karatasi umebakiwa na 6,000, ila nyumba yako inakula mafungu tisa tu. Mengine 15 lazima yauzwe, na yauzwe upesi, kwa kuwa majani hayakai siku tatu kwenye joto hili. Sasa ndoo ipande hadi 500 mwezi wa kumi, maji yakiwa ya shida. Viroba vitatu vinakula 2,250 na bado vinakuachia 750. Kitanda kinakula 15,000 na kukupa 12,000, yaani unamlipa muuza maji ili ufanye kazi ya bustani. Wale wanaoanza kwa shauku ya kulima kitanda mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika, wapate hesabu hii kabla hawajashika jembe. Kitanda ni cha mwenye kisima cha maji baridi na mnunuzi wa uhakika, kama mama lishe wa stendi au mgahawa unaochukua kila siku.

Maji yaliyo bora kuliko yote kwa kitunguu ni ya mvua, na hayana chumvi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 300 kabla ya zile zinazomwagika. Pipa la lita 200 likijaa mwishoni mwa masika linamwagilia viroba vitatu kwa zaidi ya miezi miwili. Mapipa mawili yanakufikisha miezi minne, sehemu kubwa ya kiangazi cha kutoka Juni hadi mvua za Novemba au Desemba. Yafunike kwa kitambaa au chandarua chakavu, maana pipa wazi ni kiwanda cha mbu. Ila usinunue tangi kubwa la plastiki kwa sababu ya vitunguu. Tangi lina faida zake kwa kunywa na kupikia. Majani ya vitunguu hayawezi kulilipa.

Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri na ni ya bure. Ya sabuni ya unga yaache, kwa kuwa yanaongeza chumvichumvi udongoni. Ya kuoshea samaki yanaleta paka, watakaofukua kila kitu usiku mmoja.

Kuhusu chombo, sioni sababu ya kununua kipya. Kiroba chakavu cha salfeti ni cha bei ndogo, ila jua hukichakaza na baada ya mwaka kinachanika. Kizungushie kuti kikae kivulini na kitadumu zaidi. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula, likikatwa kwa urefu na kutobolewa chini, linadumu miaka. Ndoo iliyopasuka inafaa vilevile. Chungu cha udongo kinapendeza barazani lakini kinapoteza maji kupitia kuta zake, na pale maji yanaponunuliwa uzuri huo una bili. Vyovyote iwavyo, kina cha sentimita 20 hadi 25 kinatosha. Kujaza kiroba chote cha kilo 100 ni kupoteza udongo na samadi.

Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza. Ya mbuzi ndiyo rahisi. Ya kuku ina nguvu sana ikiwa mbichi, inaunguza mizizi, hivyo iache wiki sita au zaidi ikiwa imefunikwa na yenye unyevu. Makumbi ya nazi yakiwekwa chini ya chombo yanashika maji vizuri mno, na kwenye mchanga wa kwetu yanapunguza safari za kumwagilia. Lakini uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusokotea kamba za usumba yamejaa chumvi, na mchanga wa ufukweni ni hivyohivyo. Mtu anaweza kuwa na maji matamu ya mvua akaharibu yote kwa kiroba kimoja cha mchanga wa bure.

Mahali pa kuweka ni upande wa nyumba usiopigwa na kusi. Upepo huo unavuma kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka, unakausha, na kwa nyumba zinazotazama bahari unabeba rasharasha za chumvi. Jua la asubuhi linatosha, na kivuli cha makuti baada ya saa saba mchana kinapunguza maji. Kuku ni adui mkubwa kuliko wadudu wote. Kipande cha wavu wa kuvulia uliochakaa, kilichofungwa juu ya chombo, kinamaliza ugomvi bila gharama. Thiripi wakija wakati wa ukavu utaona michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani. Wapulizie maji kwa nguvu asubuhi, au maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kuchujwa, na ukate majani yaliyoharibika. Kununua chupa ya sumu kwa ajili ya mashina 75 utakayoyala kesho sikuafiki kabisa.

Liko jambo moja ambalo hesabu ya shilingi hailifikii. Vitunguu maji vingi vinavyouzwa nchini vinatoka mbali na kwetu: Singida, Mang'ola kule Karatu, Ruaha Mbuyuni. Vinavyoshuka kwa njia ya Dar es Salaam vinapita barabara moja, na mnamo Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Siku kama hizo duka linabaki na kilichokuwapo, na bei anaipanga mwenye nacho. Viroba vitatu nyuma ya jiko havizuii mafuriko, lakini mchuzi wa nyumba hiyo unapata kitunguu, na jirani naye anapata cha kuomba.

Basi nani afanye nini? Aliyepanga chumba kimoja na anatumia fungu moja kwa wiki aendelee kununua, ila achomeke mashina kwenye dumu moja mlangoni, kwa kuwa halimgharimu kitu. Familia ya watu watano au sita yenye maji ya bomba au ya mvua iweke viroba vitatu, ianze na mashina na vitunguu vilivyochipua, na mwezi wa pili ichangie pakiti ya White Lisbon na majirani. Mwenye kisima kitamu na mnunuzi alime kitanda, akianza Desemba mvua zikimsaidia. Na wewe ambaye kisima chako kina chumvi na huna bati la kukingia mvua, usihangaike na vitunguu. Panda spinachi kwa maji hayohayo, majani ya vitunguu yanunue gengeni kwa yule mama, na umlipe bila kinyongo.